Kamati ya Kuchunguza Iwapo Mtumishi Anaweza Kuacha Kazi

"Kwa watumishi wote, kwa wananchi wote, na kwa yeyote atakayepita hapa akiwa na macho: Idara ya Utulivu na Uratibu, Kilosa, inatangaza kwamba nchi kuingia kwenye soko huria hakumpi mtumishi ruhusa ya kujitumbukiza humo bila kibali. Mamlaka ya kumwondoa mtu kazini ni ya serikali peke yake. Mtumishi akijiondoa mwenyewe, atahesabiwa kuwa amejichukulia mamlaka yasiyo yake."

Tangazo hilo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwa ajili ya mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyelibandika. Alikuwa Soila, tarishi wa Idara, binti wa wafugaji wa huko tambarare, mwenye darasa la saba na miaka sita kazini. Alilibandika sawasawa, akalinyoosha pembe, akarudi nyuma hatua mbili kulisoma, kisha akaenda kuulizia barua yake ya kuacha kazi.

Ieleweke kwamba Idara ilikuwa na ofisi mbili. Ya chini ilikuwa jirani na stesheni, na humo ulikaa mhuri. Ya juu ilikuwa kilimani, na humo kilikaa kidau cha wino. Mpango huu ulikuwa wa kiusalama. Mwizi akiiba mhuri, wino atautoa wapi? Swali hilo halijawahi kupata jibu, kwa hiyo mpango ukadumu. Kazi ya Soila ilikuwa kuupandisha mhuri kwenye wino na kuuteremsha, mara nane kwa siku, mvua jua.

Katika kupanda na kushuka huko ndipo alipompata Mudi. Mudi alikuwa dereva wa malori ya Zambia kwa miaka kumi na tano, mpaka mgongo wake ukawa kama mlango wenye kutu. Alitaka mhuri mmoja tu ili afungue nyumba ya wageni Mikumi. Idara ilimhudumia kwa wiki tisa. Kila siku alipanda na kushuka nyuma ya Soila, maana faili la mtu ni siri na mwenyewe haruhusiwi kulishika.

"Dada, taratibu bwana, nitakufa," Mudi alilalamika wiki ya kwanza.

"Hufi, kaka. Kanyaga kisigino kwanza. Mabega nyuma. Pumzi ivute kwa pua, usihemee mdomo kama kuku wa jua kali."

Wiki ya tisa Mudi alipata mhuri wake. Jioni hiyo hiyo aliinama kufunga kamba za viatu, jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka minne, akabaki ameinama huko chini anacheka peke yake. Wiki iliyofuata akarudi na neno. Mikumi kuna madereva wenye migongo mibovu, kuna wageni wa mbugani wenye vitambi, na wote wako tayari kulipa.

"Nataka uwe mwalimu wao wa mazoezi," alisema. "Mmoja mmoja, kila mtu na mwili wake. Lakini mwisho wa mwezi uwe umefika. Ukichelewa, namchukua jamaa mmoja wa Morogoro ana filimbi."

Ndipo Soila akaandika barua. Na ndipo Idara ikapatwa na mshtuko.

Mkuu wa Idara, Mzee Lupakisyo, alikuwa mtu wa Tukuyu aliyeletwa Kilosa zamani na kusahauliwa hapo. Aliisoma barua mara mbili, akaigeuza nyuma kutazama kama huko kuna maelezo zaidi.

"Unaacha?"

"Ndiyo, mzee."

"Umeiba?"

"Hapana, mzee."

"Unaona sasa unavyotutia tabuni? Ungeiba, fomu ipo, ya kijani. Ungestaafu, ipo. Ungekufa, tungekumalizia leo leo kabla ya chai. Lakini kuacha!" Akashusha sauti. "Watu mkoani wanalia machozi wasipunguzwe kazini, wewe unataka kujipunguza. Unakwenda kufanya nini?"

"Kufundisha watu mazoezi, mzee. Watoke jasho."

"Walipe ili watoke jasho?"

"Ndiyo, mzee."

"Si waende mashambani Munisagara wakalime? Huko jasho ni la bure."

Mama Magreti, mpiga chapa, alikohoa nyuma ya taipureta yake. Alikuwa na kikohozi maalumu kwa nyakati kama hizo.

Jambo lilikuwa zito, kwa hiyo ikaundwa Kamati ya Kuchunguza Iwapo Mtumishi Anaweza Kuacha Kazi: Mzee Lupakisyo mwenyekiti, na wakuu wanne wa vitengo. Ilikaa siku sita na kunywa chai mara kumi na nane. Siku ya saba ikatoa maamuzi ya awali. Kwamba mazoezi yapo. Kwamba binadamu anao mwili. Lakini haikuwa imethibitika kwamba binti wa umri ule anaweza kumtoa jasho mtu mzima bila kumvunjia heshima. Kwa hiyo angefanya jaribio mbele ya Kamati, juu ya mwenyekiti mwenyewe, kwa masharti matatu: asimwamuru mkubwa, asimguse mkubwa, asimhesabie mkubwa moja mbili tatu kama mbuzi mnadani.

"Akishindwa," Mzee Lupakisyo alisema, "anarudi kwenye mhuri wake na mambo yanakwisha."

Zilikuwa zimebaki siku kumi mwezi kuisha.

"Mwanangu," Mama Magreti alimnong'oneza siku ya jaribio, "hapo wamekufunga mikono na miguu. Utafanyaje?"

"Nitamsalimia tu, mama."

Kamati ilikaa kwenye viti uani mwa ofisi ya chini. Mzee Lupakisyo alisimama katikati ndani ya suti yake ya Kaunda, mikono nyuma, tayari kutotoka jasho.

Kwao Soila, kijana humsalimu mkubwa kwa kuinamisha kichwa, na mkubwa humwekea mkono utosini. Mzee Lupakisyo alikuwa ameijua desturi hiyo tangu alipohamia, na alipenda sana wageni wamwone akiifanya. Soila akaja mbele yake, akapiga magoti, akainamisha kichwa mpaka karibu na vumbi.

"Shikamoo, Mkuu wa Idara."

Mkono wa mzee haukufika. Ilibidi akunje magoti, akunje na kiuno. "Marahaba," akasema, akainuka.

Soila naye akainuka, akarudi nyuma hatua kumi kuelekea kilimani, akapiga magoti tena.

"Shikamoo, Mwenyekiti wa Kamati."

Wajumbe wakatazamana. Ni kweli, cheo kile kilikuwa hakijasalimiwa. Mzee Lupakisyo akatembea hatua kumi, akachuchumaa. "Marahaba."

"Shikamoo, Mlezi wa Timu ya Mpira."

"Marahaba."

"Shikamoo, Mwenyekiti wa Mazishi na Sherehe."

"Mara... haba."

Mzee Lupakisyo alikuwa na vyeo ishirini na kimoja. Alikuwa amevikusanya kwa bidii, hakuna alichowahi kukiacha, na orodha yake Soila alikuwa akiipangusa vumbi kila asubuhi ukutani. Kutoitikia salamu ya cheo ni kukikana cheo, tena mbele ya wakuu wanne wa vitengo ambao kila mmoja alikuwa amekodolea macho kimojawapo. Alipofika Mhifadhi wa Ufunguo wa Ukumbi, suti ilikuwa imegeuka rangi mgongoni. Alipofika Mjumbe wa Kudumu wa Mbio za Mwenge, alikuwa nusu ya kilima, anahema kwa mdomo.

"Pumzi ya pua ndiyo inayofaa viongozi, mzee," Soila alisema kwa unyenyekevu. Hiyo haikuwa amri. Ilikuwa taarifa.

"Nimebakiza vingapi?"

"Siruhusiwi kuhesabu, mzee."

"Mpeni fomu!" Mzee Lupakisyo aliwapungia wajumbe kule chini. "Mpeni fomu huyu!"

Fomu yenyewe haikuwapo, ikabidi itungwe. Mama Magreti alichapa nakala mbili: juu, jina la mtumishi anayeacha kazi kwa hiari; katikati, mistari ya majina mengine yanayohusika; chini kabisa, afisa aliyeidhinisha.

Soila alichukua kalamu aandike jina lake juu. Mzee Lupakisyo akamshika mkono.

"Binti! Jina la tarishi likae juu ya jina langu? Mkoani watasema hapa hakuna utaratibu."

Akaandika lake juu, kwa herufi kubwa. Wakuu wanne wakafuata kwa ukubwa wa cheo, huku wakigombana kidogo nani amtangulie nani. Mistari ikaisha. Soila akaandika jina lake mahali palipobaki, chini kabisa.

"Hapo ndipo pako," Mzee Lupakisyo akasema, akaridhika. Mhuri ukapanda kilimani, ukarudi, ukagongwa.

Mkoani, siku hizo, walikuwa wametakiwa kupunguza watu na hakuna aliyetaka kupungua. Fomu ile ilipokelewa kama mvua ya kwanza. Jibu lilifika kwa siku nne, jambo ambalo Kilosa haikuwahi kuliona, na Mama Magreti akalisoma kwa sauti mbele ya Idara nzima. Mkoa unampongeza Bwana Lupakisyo na wenzake wanne kwa ushujaa wa kuacha kazi kwa hiari. Maombi yao yamekubaliwa kuanzia leo. Mkoa unamshukuru pia afisa aliyeidhinisha, na unamteua kukaimu nafasi ya Mkuu wa Idara.

Wakuu wanne wakamgeukia mwenyekiti wao.

"Mimi nimeacha?" Mzee Lupakisyo aliuliza.

"Ndiyo, mzee," Soila akasema.

"Nani kaniruhusu?"

Soila akamgeuzia karatasi ajionee. Mzee alitazama sahihi yake juu, akateremka nayo mistari mpaka chini, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Kaimu Mkuu wa Idara alikaa madarakani robo saa. Alichukua ile fomu iliyobaki, akaandika jina lake juu, akaliandika tena chini, akamkabidhi Mama Magreti Idara. Mama Magreti akahamishia taipureta kwenye meza ya mkuu, kwa kuwa pale palikuwa na mwanga mzuri. Soila akapanda basi la Mikumi. Mwezi ulikuwa na siku mbili bado.

Mzee Lupakisyo naye hakupumzika. Mashujaa hawatupwi. Gari la mkoa lilimchukua kuzunguka kuhutubia watumishi juu ya raha ya kujiajiri, kwa hotuba aliyoandikiwa, na wiki ya tatu likamfikisha Mikumi, kwenye uwanja wa nyumba ya wageni ya Mudi. Watumishi mia moja walikaa kwenye mabenchi kwa huzuni. Alisoma vizuri. Alipomaliza, karani mmoja mwanamke akanyoosha mkono nyuma kabisa.

"Shikamoo mzee. Tumeshukuru kwa maneno. Na wewe mwenyewe umejiajiri kwenye nini?"

Hotuba haikuwa na jibu la hilo. Mzee Lupakisyo alipekua ukurasa wa mwisho, akamtazama ofisa wa mkoa, ambaye alikuwa amekwisha fungua daftari aandike. Akatazama pembeni, na pembeni palikuwa na madereva saba wa malori wamesimama mstari mmoja, mabega nyuma, na Soila mbele yao.

"Mazoezi," akasema.

Watu mia moja wakasimama kwa makofi, wakasogeza mabenchi na kumwachia uwanja, ili awaonyeshe.