Kichwa cha Botolfo Kinuni kwa Giles

Jumatatu, 10 Julai 1553
Mchuuzi wa sindano kapita asubuhi. Kaninong'oneza kwamba mfalme amekufa! Yule mtoto wa miaka kumi na mitano. Kifua. Eti wakubwa wanaficha. Nikamwambia, kama wewe na kapu lako mnajua, basi wamefichia wapi? Akacheka. Nikanunua sindano moja kwa heshima ya marehemu.

Habari hii nimeipata wakati wake. Bwana Langdale, mwenye kijiji, amesema mwezi huu anachagua mtunza kanisa: mimi, mzee Skeggs, niliye kazini sasa, au Giles Fenn mwenye kinu cha maji. Atakayechaguliwa anapewa nyumba iliyoegemea ukuta wa kanisa. Nyumba yangu! Nimo humo miaka thelathini na mmoja. Sisley, mke wangu, kazaa watoto saba humo. Giles ameshakuja kupima dirisha. Eti mkewe anataka pazia.

Kazi yenyewe si ngumu. Ni kujua upande tu. Baba wa marehemu aligombana na Papa kwa sababu ya mwanamke, nikafuta jina la Papa vitabuni. Akaja mtoto, akachukia watakatifu, nikawapaka chokaa ukutani wote, wenye ndevu na wasio nazo. Akabaki Botolfo, mtakatifu wa kanisa letu, sanamu ya mti, mrefu kunizidi. Amri ilisema achomwe. Sikumchoma. Huu mwaka wa tano amesimama kwenye shayiri yangu, kavaa koti la marehemu baba mkwe, anafukuza kunguru. Kanisani hakuwahi kufanya kazi namna hii.

Alhamisi, 13 Julai
Tarishi kaja sokoni. Malkia mpya anaitwa Jane! Mama wa mayai akauliza, Jane yupi, wa nani? Tarishi akasema ni binamu wa marehemu, miaka kumi na sita, anapenda mahubiri kuliko chakula. Giles naye akaropoka: dada yake marehemu je, Mary, yule wa rozari na Papa, kaenda wapi? Nikamwambia, we Giles, funga domo, hayo masikio bado unayahitaji. Nikapaza sauti, "Malkia aishi!" Mbwa wawili wakaitikia.

Nimewaza. Msichana wa miaka kumi na sita, ana afya, atatawala miaka hamsini. Watakatifu ndiyo basi tena. Ila Botolfo amebakiwa na kazi moja ya mwisho. Akili za mtu mzima hizi!

Ijumaa, 14 Julai
Nimemkata Botolfo kwa msumeno. Mti mgumu ajabu. Kumbe mgongoni ni mtupu, mafundi wa zamani walimchimba. Kumlaza tu, tayari hori la nguruwe! Miguu imeivisha mkate. Kichwa nimekitia kapuni chini ya shayiri, nikaenda kusaga. Giles alipotoka kufungulia maji ya gurudumu, nikakizika kwenye pipa la pumba.

Sisley kasema, mzee wangu, ungengoja hata wiki, malkia mwenyewe kiti hajakipasha moto. Nikamwambia mambo ya enzi hayamhusu. Akauliza, na kunguru je?

Jumapili, 16 Julai
Nimemtonya Padri Hugh kwamba kuna mtu anaficha mtakatifu kinuni. Akabadilika rangi. Huyu ameoa, na Papa akirudi, mke hana. Akahubiri saa mbili nzima dhidi ya sanamu. Giles alikoroma. Bwana Langdale atakuja Ijumaa kukagua. Safi!

Kunguru wamekula ukingo mmoja wa shayiri.

Ijumaa, 21 Julai
Niandike tu.

Tangu alfajiri kengele za vijiji jirani zinalia. Nikasema, kumbe Jane anapendwa hivi! Nikapanda mnarani, nikapiga yetu mpaka mikono ikafa ganzi. Kushuka, nakuta watu wanacheza uwanjani, wamewasha moto mkubwa. Padri Hugh kanijia mbio anataka kuniambia kitu. Nikamwambia baadaye, Padri, baadaye. Nikamvuta Bwana Langdale kwa mkono wa joho mpaka kinuni, kijiji kizima nyuma yetu. Nikapindua pipa. Pumba, pumba, kisha puu! Botolfo huyo, mweupe kama aliyefufuka. Nikaguta, "Tazameni! Giles ni mtu wa Papa! Kamficha mtakatifu muda wote huu!"

Bwana Langdale akavua kofia. Akapiga magoti. Kwenye pumba! Padri Hugh akanishika sikio, akanipasha: Jane ameshashushwa, hata siku kumi hakumaliza, malkia ni Mary, we mzee ulidhani kengele zinamlilia nani?

Giles ana kipaji, sitamnyima. Alishangaa kutuzidi sote. Kisha macho juu, machozi yakamwagika. Akasema alimhifadhi mtakatifu huku shingo yake ikiwa rehani. Mkewe naye akalia, kachelewa kidogo. Bwana akauliza kiwiliwili kiko wapi. Giles akajibu kwa upole kabisa kwamba hajui, ila nguruwe wa mzee Skeggs siku hizi wanakula kwenye hori lenye mikunjo ya kanzu.

Hukumu: ningekatwa masikio, lakini kengele ya Malkia Mary niliipiga mimi, tena kwa nguvu kuliko vijiji vyote. Nibaki na masikio. Nyumba apewe Giles.

Sisley alikunja tu mablanketi.

Jumapili, 6 Agosti
Tumehamia banda la nyuma ya kinu. Unga mpaka kwenye ndevu. Pazia la mke wa Giles ni jekundu, linaonekana kutoka barabarani. Botolfo amerudishwa kanisani, kichwa na hori, kwa misumari. Ubani haujaishinda ile harufu. Watu wanamwomba kutoka mbali. Padri Hugh anamtambulisha mkewe kama mpishi. Mimi nakwangua chokaa niliyoipaka mwenyewe.

Sisley kaniuliza kama nimejifunza. Nimejifunza! Kosa lilikuwa malkia, mpango haukuwa na dosari. Sasa Mary ni mtu mzima, anatafutiwa mume, atazaa wana. Ya Papa yamerudi na hayaondoki tena. Amebaki mdogo wake tu, Elizabeth, yule wa nywele nyekundu na sala za Kiingereza, na huyo hatakuwa kitu.

Sasa basi. Padri alinipa kitabu cha sala cha Kiingereza, kile cha enzi ya mtoto, sasa hakitakiwi, nikichome. Sikukichoma. Leo Giles akiwa kwenye misa, nimekitia chini ya ubao wa sakafu, chumbani kwake. Ubao wenyewe naujua, nimeukanyaga miaka thelathini na mmoja. Kikae hapo, hata miaka mitano. Kitakapofumuliwa mbele ya Bwana Langdale, nataka kuona Giles atalia machozi gani.