Voltmetre Kwenye Lori la Janvier

Jumatatu, tarehe 9 Juni
Namshukuru Mungu kwa lori la marehemu kaka yangu Janvier. Jumamosi litabeba vyombo vya harusi vya binti yake, Niyigena, kutoka hapa Murara hadi kwa mume wake, karibu na Kituku. Ameomba mwenyewe! Amesema hataki gari lingine, maana humo ndimo alimozoea kukaa ubavuni mwa baba yake. Nilifuta machozi. Tatizo ni moja tu: ampermetre, ile mita ya umeme kwenye dashibodi, inachemka na kunuka mpira ulioungua. Jirani yangu Nasoro, mwenye lori jipya, alipita akanusa, akasema gari lake ameshalifagia, endapo langu litagoma. Endapo! Nitamwonyesha.

Jumanne, tarehe 10
Nimenunua voltmetre, mita ya kupima volti za betri, huko Birere. Inang'aa! Muuzaji ameapa kwamba hii haichemki. Nimetoa ile ya zamani, nikafunga mpya kwa nyaya zilezile mbili nene. Kazi ya kitoto. Mke wangu Emerance aliuliza kama tusiite fundi. Nilimweleza kwa upole kwamba fundi ni mimi. Nikafungua kontakti, ile swichi ya ufunguo. Sindano ikapanda hadi kumi na mbili, ikatulia. Safi sana. Injini haikuwaka. Honi kimya. Taa hakuna. Lakini kumi na mbili! Asante Mungu, angalau umeme upo.

Jumatano, tarehe 11
Voltmetre inasema umeme ni mzima, kwa hiyo kosa liko kwingine. Nimefungua demarere, ile mota ya kuwashia injini. Nzima. Nimerudisha. Bado kimya. Nasoro alichungulia juu ya ukuta akauliza: “Papa, gari inakatala?” Nimeanza kumshuku. Nani mwingine atafaidika lori likifa? Nashukuru kwamba nimepewa macho ya kuona mbali.

Ijumaa, tarehe 13
Niyigena amekuja kufunga utepe mweupe kwenye vioo. Alikaa kidogo kwenye kiti cha mbele, akaniuliza kama kweli litaenda. Nilimwambia litaenda. Kisha nikajificha nyuma ya gari nikalia. Naogopa. Mtoto wa kaka yangu hajaniomba kitu kingine maishani.

Jumamosi, tarehe 14
Godoro, masufuria, kabati, vyote nje. Lori maiti. Nasoro akaja. Nilidhani anakuja kupakia. Kumbe aliingiza kichwa chini ya dashibodi, akacheka mpaka akakohoa. Akasema umeme wa gari zima hupita ndani ya ampermetre, kama watu mlangoni, wakati voltmetre inachungulia tu dirishani. Mimi nilikuwa nimeziba mlango. Akaunga zile nyaya nene kwa bolti, akazizungushia mpira. Voltmetre akaipa nyaya mbili nyembamba: mmoja kwenye kontakti, mwingine kwenye bodi, yaani chuma cha gari lenyewe. Akaongeza onyo fulani kuhusu ampermetre na moto, asiiunge mtu hivi kama voltmetre, sijui nini, lakini nilikuwa nimefumba macho namshukuru Mungu.

Injini ikanguruma! Niyigena akapanda mbele, akaweka mkono juu ya dashibodi, akalia kwa furaha. Nami nililia njia nzima, karibu nigonge chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Nasoro alitufuata nyuma na lori lake, tupu, mpaka Kituku. Mtu wa namna hii nilimshuku! Nimemkumbatia mbele ya wakwe.

Ijumaa, tarehe 20
Wiki nzima nimewaza nimlipe nini Nasoro. Asante ya mdomo haitoshi. Leo nimepata! Lori lake jipya halina ampermetre, na ile ya Janvier ninayo, nimeisugua hadi inameta. Nasoro ameenda msikitini. Mkewe Fatuma amenipa ufunguo, nikamwambia ni siri ya furaha. Safari hii sikubahatisha hata kidogo, nimefuata alivyonifundisha mwenyewe: waya mmoja kwenye kontakti, mwingine kwenye bodi. Nimechagua nyaya nene kabisa, maana huyu ni rafiki. Imekaa vizuri mno. Kontakti sijaifungua bado. Heshima hiyo namwachia yeye, akitoka kuswali.