Casilda Wangu na Casilda wa Zulema

Jumatatu, 6 Machi
Sura yangu ya kumi na tisa imesomwa na watu kumi na wanne. Mmoja ni mimi. Ya Zulema, mhudumu wa maktaba ya mji: elfu tatu na mia mbili. Sote ni mashabiki wa tamthilia ileile ya televisheni, ya mjane Casilda na shamba lake la kahawa, na sote tunaiandikia hadithi zetu mtandaoni. Mimi namwoza Casilda kwa msimamizi Rutilio. Zulema kampa mpenzi mwanamke, Remedios, daktari wa ng'ombe. Mji mzima wa Xalapa unalia. Kumbe siri ni wanawake wawili tu. Hata mimi naweza.

Jumanne, 7 Machi
Mimi si Eleuterio muuza miwani tena, wala Tello wa nyumbani. Mtandaoni sasa ni Bi Azucena, mpenda paka. Rutilio nimemuua kwa radi, aya moja. Casilda na Remedios wamebusiana mara nne kabla ya kifungua kinywa. Nimeridhika.

Alhamisi, 9 Machi
Wasomaji mia mbili! Kisha Zulema akaacha maoni. Ya adabu, ndiyo mabaya zaidi. Eti wanawake wangu wanajitazama kwenye kioo mara kumi na moja, ng'ombe anatibiwa saa ngapi? Na mbona wakiwa peke yao wanaongea kama kuna mwanamume nyuma ya mlango? Maoni yamependwa kuliko hadithi. Nimewaandikia wasimamizi wa tovuti kwamba Zulema ananyanyasa wazee.

Jumamosi, 11 Machi
Malalamiko yametupwa. Nikaenda kwa dada yangu Nohemí kutafuta huruma. Amparo, mwenzake wa kupanga nyumba kwa miaka tisa, alikuwa anakaanga picadita, vile vimkate vya mahindi. Nikawasomea yale maoni. Wakacheka mpaka chakula kikaungua.

"Kaka Tello, huyo Azucena ni wewe?" Nohemí akauliza.

Nikakana. Nohemí akazima jiko. Akasema hadithi ya Zulema huisoma pamoja, yeye na Amparo, kitandani. Kitanda kimoja, miaka yote tisa. Pale Casilda anapomfunga Remedios kamba za viatu kwa sababu ya maumivu ya mgongo, wanajiona wao. Walimwandikia Zulema kumshukuru, mwezi wa kwanza.

"Mwezi wa kwanza? Mimi naambiwa leo?"

"Wewe tulikuwa tunakuogopa," Nohemí akasema.

Amparo akaniwekea picadita isiyoungua. "Kula, shemeji," akasema taratibu, kama anayepima neno kama litanikaa.

Nilitaka kusema kitu kizuri. Nikauliza kama Zulema aliwajibu. Alijibu, kurasa tatu. Huyu dada nimembeba mgongoni, na mgeni kajua kabla yangu. Nikawakumbatia wote wawili. Machozi nikayasingizia pilipili.

Jumapili, 12 Machi
Nimewafurahia, kweli kabisa. Asubuhi nimewapelekea mkate mtamu na daftari. Nikauliza walikutana wapi, nani alimwanza mwenzake, nani hukoroma. Nohemí akauliza ya nini yote hayo. Nikasema ni kumbukumbu za ukoo.

Zulema ana barua moja. Mimi nina wenyewe, wazima, mtaa wa tatu kutoka dukani kwangu. Azucena amestaafu, sura inayofuata inatoka jioni kwa jina jipya la mwandishi, Shemeji wa Kweli.

Nohemí alininyang'anya daftari na kulikalia. Si neno. Ya kukoroma nimeyashika kichwani.