Vitamini na Sketi ya Kaunta

Jumatano, 7 Mei

Sketi ya kazini imegoma. Imefika mapajani ikasimama kama punda aliyeona daraja.

Jumatatu ya tarehe 19 narudi kwenye duka la mikate. Msimamizi amesema sare mpya hakuna, na asiyeenea kwenye sketi ataenda tanurini. Kaunta unatoka saa sita mchana. Tanurini ni mpaka jioni! Kipenzi changu ana miezi minne. Atanyonya nini kwa bibi yake, kidole?

Aliyenishikia kaunta ni wifi yangu, dada wa baba mtoto, tunaishi naye hapa hapa. Mwembamba kama njiti ya kiberiti. Anasema anashika tu mpaka nirudi. Eti!

Nimenunua chupa ya vitamini. Tamu, rangi ya machungwa. Akili yangu imenipa hivi: vitamini ni chakula kilichokamuliwa. Ukinywa kijiko, tumbo halina la kudai.

Ijumaa, 9 Mei

Tumbo linadai! Nimekula changu, nikala alichobakiza baba mtoto, nikakomba sufuria. Lakini cha kukomba hakinenepeshi, maana unakula umesimama.

Jioni wifi kaleta mikate iliyobaki dukani. Akasema, "Kula wifi, unanyonyesha wewe." Mjanja huyo! Nikala minne, asijue nimemshtukia.

Kuanzia leo vijiko viwili.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemrudia muuza dawa na chupa tupu, nikalalamika. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema hiyo wanapewa watu waliokosa hamu ya kula, na vitamini haijawahi kumkondesha mtu. Nile vizuri, nitembee, sketi niipeleke kwa fundi aipanue. Ushauri wa bure huo, ndiyo maana hauna nguvu.

Nimenunua chupa nyingine. Si yangu. Ni ya chai ya wifi.

Mtoto alinitazama nikimimina. Nikamwambia asimwambie shangazi yake. Akacheka bila meno. Msiri, kama mama yake.

Alhamisi, 15 Mei

Imemwingia! Wifi asubuhi kaongeza chakula mara mbili. Vifungo vya sketi yake vinalia. Jirani kaniambia kamkuta kaunta anatafuna mkate mbele ya wateja. Msimamizi akimwona, kwisha habari yake.

Nimefurahi mno. Nikala na mkate wake wa jioni.

Jumatatu, 19 Mei

Nimevaa sketi nimelala chali, baba mtoto akivuta zipu kama anafunga gunia. Nikafika dukani nimebana pumzi. Msimamizi akasema karibu, umependeza. Si ningetikisa kichwa tu! Nikasema asante. Zipu nayo ikajibu, prrr! Foleni nzima ikageuka.

Ndiyo, foleni! Tangu wifi aanze kula pale kaunta, amefumba macho kwa utamu, kila mpita njia anataka mkate ule ule. Msimamizi hataki aondoke. Kamshonea sketi mpya, pana, yenye mpira kiunoni. Sasa aliyesema sare mpya hakuna alikuwa nani?

Mimi tanurini. Nimelia kidogo nyuma ya magunia ya unga, maziwa yananivuja, namuwaza mwanangu.

Saa sita na kitu mlango wa nyuma ukagongwa. Wifi, kambeba mtoto wangu, bado na sare yake. Akasema atakuwa anamleta kila mchana anyonye. Akasema pia alimwomba msimamizi wabadilishane, yeye aje tanurini mimi nikae kaunta, akakataliwa. Nikanyonyesha nikimtazama. Mtu mwema kiasi hiki lazima ana lake jambo.

Nimerudi nyumbani nimechoka hoi, nikakaa kuwaza nilipokosea. Nimepaona! Chupa za aina moja, dawa moja, nyumba moja. Mimi nimepasuka zipu, yeye kapata kaunta, sketi mpya na wateja. Tofauti yetu ni moja tu: mimi nilikunywa kavu, yeye alikunywa kwenye chai.

Chai iko jikoni. Nimeanza na vijiko vitatu.