Samaki wa Mahaba kwenye Basi Letu

Kasulu, Jumatatu, 4 Agosti 2025

Esteri wangu,

Leo nimepata wazo. Usicheke. Najua unacheka.

Adija wa saluni kanionyesha kwenye simu yake. Ng'ambo huko watu wanakula ndani ya basi! Linatembea taratibu kuwaonyesha mji, na wapendanao wanalishana kwa uma. Mishumaa. Maua. Hakuna mwenye gunia. Nikamwambia Adija kwamba hata mimi nina basi. Akasema langu si basi tena, ni kaburi lenye matairi.

Maneno makali, ila ni kweli halijabeba abiria tangu tulipokuzika. Huwa naliosha tu. Na kaka yako Reverien, kwa kuwa nusu ni yake, ametangaza kwamba Jumapili ikifika halina kazi, atalivuta hadi Nyakitonto liwe banda la kuku. Anasema madirisha ni mazuri, kuku watapata hewa.

Kuku! Kwenye kiti chako cha nyuma ya dereva, ulichokalia miaka yote ukinigonga bega kila nikikimbiza gari!

Haitatokea.

Jumatano, 6 Agosti

Maandalizi. Nimeweka mbao juu ya viti, zimekuwa meza. Juu yake nimetandika vitambaa ulivyofuma, vile vyeupe vya wageni. Kimoja kina doa la chai. Nimekigeuza. Halafu nimekirudisha, maana doa ni lako.

Mpishi ni Benita, mama lishe wa stendi. Nimemwagiza migebuka ya kukaanga na ndizi, na chakula hicho nimekipa jina: Samaki wa Mahaba. Akauliza samaki huyo ana tofauti gani na yule anayewauzia makondakta kila mchana. Nikamwambia huyu atakuwa na limau. Akasema hata wa makondakta ana limau. Nikamwambia limau la huyu litakatwa mviringo. Akarudi kwenye karai lake. Nadhani nilimshinda.

Jioni akaja Reverien. Ana futi mkononi! Akapima madirisha yote, eti anataka kujua waya wa kuku utakaotosha. Nikamweleza mpango wangu. Alicheka hadi akaegemea tairi. Kisha akaniambia, shemeji, injini hii haiwezi mwendo wa kutembeza maharusi, inataka upepo, ukiipeleka polepole itachemka. Wivu tu.

Hata hivyo tumepatana. Atakuja Jumamosi kujionea. Basi likizunguka mji na kurudi stendi lenyewe, halitakuwa banda.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepata wateja! Ridhiwani, yule kijana muuza vitenge, anataka kumwomba Firdausi amkubali. Nyumbani kwa Firdausi hawezi, kila kona ina shangazi. Ni shangazi mmoja tu, ila anatosha kona zote. Ridhiwani anataka sehemu ya siri. Nimemhakikishia kwamba hakuna siri kama basi langu.

Madirisha yatakuwa wazi. Wauone mji, na harufu ya samaki itoke.

Jumamosi, 9 Agosti

Esteri, nakuandikia mikono ikinuka moshi.

Tuliondoka stendi saa kumi na moja jioni. Ridhiwani kavaa koti. Firdausi kanukia vizuri. Benita jikoni, yaani kiti cha nyuma, na Reverien pembeni yake na futi lake. Mimi nikaingiza gia ya kwanza, nikawa naendesha huku natangaza. Kulia kwenu mnara wa simu. Kushoto kwenu mnara mwingine wa simu. Mambo yalikuwa mazuri.

Shida ilianza na adabu za Firdausi. Alikuwa anatafuna, akakutana macho na mzee mmoja aliyekuwa akienda kwake na jembe begani. Utamwangalia mtu usoni una tonge mdomoni, usimkaribishe? Firdausi akasema, karibu chakula, baba. Mzee akajibu vizuri, asante mwanangu, endeleeni. Nyumbani mambo yangeishia hapo. Mkaribishaji anakula, mkaribishwa anapita.

Lakini huyu hakupita! Basi lilikuwa likienda mwendo uleule wa miguu yake. Hatua mia mbele bado yuko dirishani, na Firdausi bado anatafuna. Akamkaribisha tena. Mzee akashukuru tena. Mara ya tatu mzee akasema kukataa mara tatu ni dharau, akapanda. Na jembe.

Nyuma yake wakaja akina mama wawili waliotoka kisimani. Kisha fundi baiskeli, na baiskeli. Kila aliyepanda akapewa kipande, na kila aliyepewa kipande akawa na tonge mdomoni, naye akaanza kukaribisha wa dirishani kwake! Benita alikata migebuka hadi ikawa kama dagaa. Nilitangaza kwamba hii ni safari ya wapendanao. Mama mmoja akanijibu kwamba wote hapa tunapendana, endesha.

Karibu na njia ya Kibondo kuna mtu alisimama katikati ya barabara, mkono kiunoni. Shangazi! Firdausi akamkaribisha kabla hajafikiri. Shangazi akapanda, akala, akalamba vidole, ndipo akauliza kwa nini Ridhiwani yuko chini ya meza. Masikini, alikuwa amepiga goti kama kwenye simu ya Adija. Akasema anamposa Firdausi. Shangazi akamwambia posa haisemwi kutoka uvunguni, inaletwa nyumbani na wazee. Yule mzee wa jembe akasema wazee si ndio sisi. Basi zima likacheka. Shangazi akatazama mfupa mkononi mwake, akasema ameshakula samaki wa kijana huyu, hawezi kumfukuza. Aje Alhamisi.

Vigelegele! Nami nikapiga honi. Ndipo moshi ukatoka.

Injini ilichemka, ikakohoa, ikanyamaza. Watu wote wakashuka kusukuma, hata shangazi. Haikuwaka. Reverien alirudisha futi mfukoni tu.

Miaka yote uliniambia nipunguze mwendo, Esteri. Leo nilipunguza.

Jumapili, 10 Agosti

Trekta lilikuja baada ya ibada. Nilikaa kwenye usukani hadi Nyakitonto, nikikata kona kana kwamba ni mimi ninayeendesha.

Reverien akang'oa viti vyote. Kimoja akakiacha. Sikumwomba. Alisema bisibisi haikukifaa, na huku bisibisi iliyong'oa vingine iko mkononi mwake. Kuku waliingizwa mchana. Mmoja mwekundu, mkali, akaruka moja kwa moja kwenye kiti cha nyuma ya dereva. Nilipokaa kwenye usukani akanidonoa bega.

Na hapohapo nikaelewa kosa la jana. Lilikuwa ni mwendo! Basi likisimama, mpita njia anapita. Na sasa madirisha yana waya, hakuna wa kukaribishwa. Utulivu. Hewa. Mayai ya moto moto! Nimemtafuta Benita. Ameuliza kama chakula kitakuwa kuku. Nimemwambia si mbele ya ndugu zake. Reverien bado hajui.

Kitambaa chenye doa nimekileta. Nitakitandika Jumamosi ijayo.

Unikumbuke, Esteri.