Skelderby wa Skelderby

Jumatatu, 4 Mei

Haiwezekani! Mwaka huu tena Doreen Pogson ndiye atakayetangulia na fimbo nyeupe kwenye mzunguko wa mipaka, ile siku ya mwaka ambapo kijiji kizima hutembea mpakani kuchapa mawe yake kwa fimbo. Sababu? Eti babu yake alitangulia, baba yake akatangulia. Mwanamke anauza soseji! Mimi naitwa Clive Skelderby. Kijiji kinaitwa Skelderby. Kibao cha barabarani ni jina langu, kanisa ni jina langu, hata choo cha kituo cha basi ni jina langu. Halafu Jumapili nimfuate muuza soseji nikichapa mawe ya mpaka kama mpita njia? Thubutu! Nimemwambia mke wangu, Maureen, kwamba fimbo ile naishika mimi. Kaniuliza kama nimemeza dawa ya presha.

Jumanne, 5 Mei

Kwa mchungaji, Bi Philippa. Nimemweleza kwamba “by” ni neno la Waviking, maana yake shamba au makazi. Skelder, bila shaka, alikuwa mtu mzito. Mimi ni damu yake. Akasema jambo hilo linavutia sana. Watu wa hapa wakisema jambo linavutia, ujue hawataki kulisikia. Sikubanduka. Biskuti zilipoisha akasalimu amri: nihutubie kwenye jiwe la kwanza, watu waamue. Ushindi!

Ijumaa, 8 Mei

Doreen kasikia. Nimekwenda buchani kwake, akaniita mtukufu mbele ya foleni nzima, akauliza kama mtukufu anataka nyama yenye mafuta au isiyo na mafuta. Watu hoi kwa kicheko. Nikamwambia ngoja Jumapili. Nikatoka kwa madaha, nyama nikaisahau. Maureen kapika mayai kwa hasira.

Lakini hotuba imeiva. Nimepata babu wa kale! John, mfanyabiashara wa sufu huko York. Mji mzima ulimwita John wa Skelderby, jina likaganda mpaka kwangu.

Jumapili, 10 Mei

Naandika nimesimama. Kukaa siwezi.

Manyunyu, watu wote na fimbo zao. Nikapanda juu ya jiwe, nikamtaja John. Doreen akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Akauliza, kwa upole wa kuudhi, huyo John alikuwa anafanya nini York. Nikasema alihamia. Ahaa, akasema. Maana angebaki hapa, nani angemwita wa Skelderby, na wote ni wa Skelderby? Jina hilo, bwana, hupewa aliyeondoka. Akina Pogson hawalipati kwa sababu hawajaenda popote.

Kisha mzee Braithwaite akauliza kama hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuzunguka. Maureen, mke wangu wa ndoa, akajibu ndiyo, tangu tuhamie hapa kila mwaka nasingizia goti.

Nikajua nimekwisha. Mgeni wa mzunguko hubebwa mzobemzobe, makalio yakagongeshwa kwenye jiwe, asije akasahau mpaka ulipo. Nikapiga kelele kwamba mimi si mgeni, mimi ndiye mwenye kijiji! Puu! Doreen alisimamia, fimbo mkononi. Karibu kijijini, mwanangu, akasema. Wote wakapiga makofi, kwa furaha ya kweli, na baadaye wakaninunulia bia. Aibu niliyoona! Bia niliinywa, lakini kwa kinyongo.

Jumatatu, 11 Mei

Nimelalia tumbo, barafu nyuma. Maureen kanifariji. Kasema niache mambo ya majina, mbona yeye kabla ya ndoa aliitwa Cragthorpe, kama kijiji cha ng'ambo ya mto, na hajamsumbua mtu.

Cragthorpe! Miaka yote hiyo ya ndoa, mali kama hiyo imo ndani ya nyumba na haisemi! “Thorpe” nayo ni ya Waviking! Nimepiga simu haraka. Mzunguko wao ni Alhamisi hii. Nimejitambulisha kama mkwe wa ukoo.

Nimemwomba Maureen aniazime jina lake. Katoka kupalilia bustani, na mvua yote hii.

Nimeulizia pia mawe yao. Wanasema ni makubwa kuliko ya kwetu, tena yana ncha. Safi sana. Nikihutubia, nitaonekana hata na walio nyuma.