Sindano Moja ya Mwezi Mzima

Jumatatu, 3 Machi 2025

Hamugembe. Nina miaka themanini na minne, moyo umechoka, daktari ameacha kunipangia tarehe za kurudi. Mtu wa hali hii aandike ukweli. Ukweli ni kwamba nimepunguziwa sindano na sina raha.

Kwa miaka sita Clotilda, nesi mstaafu, jirani yangu, amekuja kila asubuhi kunichoma insulini. Kuchoma ni dakika moja. Kisha anakaa saa nzima, anatafuna punje za kahawa yangu kikwetu na kunisema. Wiki iliyopita mwanangu Mwesiga akaniingiza kwenye majaribio ya dawa mpya kule Muleba. Sindano moja, mwezi mzima. Insulini imefungwa ndani ya polima inayoyeyuka polepole chini ya ngozi, ikiachia dawa kidogo kidogo. Nilifundisha kemia miaka thelathini. Niliwaeleza wauguzi polima ni nini, bila kuombwa. Nikatia sahihi kwa majivuno. Asubuhi zangu sikuzifikiria.

Sasa Clotilda atakuja Alhamisi tu, kupima sukari.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwona akipita na mkoba. Anakwenda kwa Byarugaba, ambaye bado anachomwa kila siku, mwenye bahati. Nilimfundisha. Kemia alipata sifuri. Nimewasikia wakicheka hadi huku migombani kwangu. Byarugaba hajawahi kuwa mcheshi.

Mpango: polima ionekane imeshindwa. Watanirudisha kwenye sindano za kila siku. Kula asali ni hatari, nami ni mwoga. Lakini tone la damu hupita juu ya ngozi kabla ya kufika kwenye kipimo. Basi asali kidoleni. Kemia tupu.

Alhamisi, 6 Machi

Nilipaka asali ya Izimbya kidole cha shahada, nikakaa nimekinyoosha kama anayeonyesha njia. Clotilda alichelewa. Sisimizi hawakuchelewa. Mstari mzima, kutoka dirishani, juu ya kiti, juu ya mkono, hadi kidoleni. Kuwafuta ni kufuta asali. Nikawavumilia.

Clotilda alifuata mstari kwa macho hadi dirishani. Akauliza, Ta Apolinary, mzee wangu, na hawa nao wako kwenye majaribio? Akachoma kidole cha mkono wa pili. Saba nukta mbili. Polima inafanya kazi vizuri kabisa. Fedheha.

Aliondoka bila kugusa kikapu cha kahawa. Kwetu mgeni akiiacha kahawa, ujue umemkosea.

Jumamosi, 8 Machi

Padre Dastan amekuja kuniungamisha. Nikaungama asali. Alikohoa muda mrefu ndani ya leso. Malipizi: nimweleze Clotilda mwenyewe kwa nini nilifanya vile. Nikaomba rozari kumi badala yake. Akakataa.

Jumapili, 9 Machi

Nilimwita Clotilda akitoka misani. Nikamwambia yote: nahofia kufa bila mtu wa kunisema asubuhi. Alikaa. Akachukua kahawa. Akasema mzee msomi kama mimi, miaka sita nilidhani anafuata tumbo langu lenye matundu? Mdomo ninao, ningeomba tu. Kesho atakuja, bila mkoba.

Nimelia kidogo. Somo limeniingia: ukweli unatosha, hila za nini.

Ila atapita kwanza kwa Byarugaba, maana yeye lazima achomwe kabla ya chai. Atafika kwangu kicheko kimeisha. Nimempigia Mwesiga kuuliza kama Muleba imebaki nafasi moja. Nimempa jina la Byarugaba. Nimesema ameniomba mwenyewe, kwa machozi.